Uaskofu Bila Himaya: Utumishi wa Kardinali Laurean Rugambwa na Vitongoji vya Dar es Salaam

Uaskofu katika Kanisa Katoliki ni cheo ambacho majukumu yake ya msingi yamebaki yale yale kwa karne nyingi, ilhali nguvu zinazokiwezesha zimebadilika mara kwa mara kufuatana na mahali na nyakati. Kwa mafundisho ya Kanisa hilo, askofu ni mrithi wa mitume aliyekabidhiwa kazi tatu, nazo ni kufundisha imani, kuwatakatifuza waamini kwa njia ya sakramenti, na kuliongoza jimbo, yaani eneo lenye mipaka ambalo mapadre na waamini wake wamewekwa chini ya uangalizi wake. Kazi hizo tatu haziwezi kutekelezwa bila nyenzo, na hapo ndipo linapozuka swali linalochunguzwa katika uchambuzi huu: askofu anapokosa ardhi, mahakama na upendeleo wa mtawala, mambo ambayo kwa karne nyingi yalidhaniwa kuwa mihimili ya cheo chake, anaongoza kwa nguvu gani?

Utumishi wa Laurean Rugambwa, Askofu Mkuu wa Dar es Salaam kuanzia mwaka 1968 hadi 1992 na kardinali wa kwanza Mwafrika katika zama hizi, unatoa nafasi nzuri ya kulijibu swali hilo. Aliupokea uongozi wa jimbo hilo katika miaka ambayo dola ilikuwa ikitaifisha shule na kushika njia kuu za uchumi, na wakati huohuo wahamiaji kutoka mikoani walikuwa wakijaza vitongoji vya Kinondoni na Temeke kwa kasi ambayo hakuna ofisi ya serikali wala ya Kanisa iliyoweza kwenda nayo sambamba. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba katika mazingira hayo uaskofu ulijengwa upya juu ya msingi ambao maaskofu wa Karne za Kati hawakuutegemea sana, yaani walei wa kawaida waliokusanyika nyumba kwa nyumba mitaani mwao.

Nguvu za askofu katika Karne za Kati

Karne za Kati ni kipindi cha historia ya Ulaya kinachokadiriwa kuanzia karne ya 5 hadi ya 15, na katika kipindi hicho askofu alisimama juu ya mihimili mitatu iliyofungamana. Mhimili wa kwanza ulikuwa ardhi, kwa kuwa majimbo mengi yalimiliki mashamba makubwa yaliyolimwa na wakulima waliofungwa na ardhi hiyo, na juu ya mapato hayo iliongezwa zaka, yaani sehemu ya kumi ya mavuno, ambayo katika nchi nyingi ilidaiwa kwa nguvu ya sheria. Mhimili wa pili ulikuwa mahakama, kwani kesi za ndoa, wosia na makosa ya makasisi zilisikilizwa na mahakama za Kanisa, na hukumu ya askofu ya kumtenga mtu na sakramenti ilikuwa na athari katika biashara yake, urithi wake na hata mazishi yake. Mhimili wa tatu ulikuwa ukaribu na mfalme, ambaye aliwahitaji maaskofu kwa sababu walijua kusoma, kuandika na kutunza hesabu, na ambaye kwa hiyo alitaka kuwateua yeye mwenyewe.

Mhimili huo wa tatu ndio uliozaa mgogoro mkubwa kuliko yote. Mwaka 1075 Papa Gregori VII aliwakataza watawala wa kidunia kuwasimika maaskofu, na mvutano uliofuata kati ya mapapa na makaisari wa Ujerumani ulidumu hadi Mapatano ya Worms ya mwaka 1122, ambayo yalimwachia Papa na Kanisa alama za kiroho za pete na fimbo, huku kaisari akibaki na haki ya kumkabidhi askofu ardhi na madaraka ya kidunia. Suluhisho hilo lilikiri wazi kwamba askofu alikuwa na mabwana wawili, na gharama ya hali hiyo ilionekana tarehe 29 Desemba 1170, pale Thomas Becket, aliyekuwa chansela wa mfalme wa Uingereza kabla ya kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury mwaka 1162, alipouawa ndani ya kanisa kuu lake na mashujaa wa mfalme huyohuyo baada ya kugombana naye juu ya mipaka ya mamlaka ya Kanisa.

Haitakuwa haki, hata hivyo, kuwaeleza maaskofu wa enzi hizo kana kwamba walikuwa makabaila tu waliovaa kofia za Kanisa. Mtaguso wa Nne wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu uliofanyika Roma mwaka 1215, uliwataka maaskofu waliolemewa na kazi wateue wahubiri wenye uwezo wa kuwasaidia, na uliagiza kila mwamini aungame kwa padre wake na kupokea Komunyo walau mara moja kwa mwaka. Eudes Rigaud, Askofu Mkuu wa Rouen nchini Ufaransa katika karne ya 13, aliacha daftari la ziara zake za kichungaji lililoandikwa kwa zaidi ya miaka 20, ambamo makosa ya mapadre, madeni ya monasteri na hali ya parokia yameorodheshwa bila kufichwa. Kutoka kwa Rigaud panapatikana kipimo kinachofaa kwa askofu wa zama zozote, nacho ni kiasi anachowajua watu wake na mahali wanapoishi, kwa kuwa hata mwenye mashamba mengi hutambulika udhaifu wake pale asipojua kinachotendeka katika kijiji cha mbali cha jimbo lake.

Uaskofu ulivyofika Afrika Mashariki

Kanisa la Karne za Kati liliiachia Afrika urithi mmoja wa kisheria ambao haujulikani sana. Majimbo ya kale ya Afrika ya Kaskazini, ambayo yalikuwa mamia katika enzi za Warumi, yalikufa baada ya karne ya 7, lakini majina yake yalihifadhiwa na Roma, na hadi leo hupewa maaskofu wasio na jimbo kamili la kuongoza. Mwaka 1518 Papa Leo X alimteua Henrique, mwana wa Mfalme Afonso I wa Kongo, kuwa askofu wa jina wa Utica, mji wa kale ulioko katika Tunisia ya leo. Henrique alirudi kwao akiwa na daraja la uaskofu, lakini hakupewa jimbo lake mwenyewe, kwa sababu mfalme wa Ureno alikuwa na haki ya kusimamia Kanisa katika nchi zote zilizofikiwa na merikebu zake, na kijana huyo akabaki kisheria msaidizi wa jimbo la Funchal katika kisiwa cha Madeira. Baada yake zilipita zaidi ya karne nne kabla ya Joseph Kiwanuka wa Masaka, Uganda, kuwekwa wakfu mwaka 1939 na kuwa askofu Mkatoliki wa kwanza Mwafrika wa Afrika Mashariki.

Katika pwani ya Tanzania kazi ya Kanisa Katoliki ilianza upya pale Mapadre wa Roho Mtakatifu walipotoka Zanzibar na kufungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Mwaka 1887 Roma iliunda Prefekti ya Kitume ya Zanzibar ya Kusini, na mwaka uliofuata Wabenediktini kutoka Ujerumani walijenga Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Prefekti ya Kitume ni eneo la kimisionari ambalo halijafikia hadhi ya jimbo na ambalo huongozwa kwa niaba ya Papa. Misheni ya Pugu ilishambuliwa Januari 1889 wakati wa vita vya kupinga utawala wa Wajerumani vinavyohusishwa na jina la Abushiri, na wamisionari kadhaa waliuawa au kutekwa. Eneo hilo lilipandishwa hadhi mwaka 1902 na kuwa Vikarieti ya Kitume, hatua inayofuata prefekti, likapewa askofu, na baadaye likachukua jina la Dar es Salaam.

Askofu huyo wa kwanza alikuwa Cassian Spiss, mzaliwa wa Tirol katika Austria na mwanzilishi wa misheni ya Peramiho, ambaye utumishi wake ulikatishwa tarehe 14 Agosti 1905 alipouawa karibu na Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili waliosafiri naye, Vita vya Maji Maji vikiwa vimeanza mwezi wa Julai mwaka huohuo. Kifo chake kikiwekwa kando ya kile cha Becket, tofauti inayoonekana ni ya msingi. Becket aliuawa kwa sababu alijitenga na mtawala, ilhali Spiss aliuawa kwa sababu wapiganaji, ambao kwao padre, mlowezi na mkusanya kodi wote walikuja pamoja na bendera ile ile, hawakuona sababu ya kumtenganisha na dola. Kwa hiyo uaskofu ulizaliwa katika eneo hili ukiwa umebeba mzigo wa mhimili ule wa tatu wa Karne za Kati, yaani ukaribu na watawala, hata pale ambapo mwenye cheo hakuutafuta.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wabenediktini wa Kijerumani waliondolewa, na nafasi yao ikachukuliwa na Wakapuchini wa Uswisi. Edgard Maranta, aliyeongoza tangu mwaka 1930 hadi miaka ya 1960, alisimamia upanuzi wa shule, zahanati na parokia kwa fedha na watumishi waliotoka kwa sehemu kubwa Ulaya. Tarehe 25 Machi 1953 Roma ilimaliza hali ya umisionari kwa kuunda majimbo kamili nchini, na Dar es Salaam ikawa Jimbo Kuu, yaani jimbo ambalo askofu wake ana heshima ya uongozi juu ya majimbo jirani yaliyounganishwa nalo. Hata hivyo, jimbo lililopata hadhi kamili kisheria lilikuwa bado halijawa na uwezo wa kujitegemea kwa watu wala kwa mali.

Njia ya Rugambwa kutoka Kagera hadi Roma

Laurean Rugambwa alizaliwa tarehe 12 Julai 1912 huko Buhaya, katika Mkoa wa Kagera wa leo, akabatizwa pamoja na wazazi wake akiwa mtoto wa miaka minane, akasomea upadre katika Seminari ya Katigondo nchini Uganda, na akapadrishwa Desemba 1943. Baadaye alipelekwa Roma kusomea sheria za Kanisa, fani inayohusu haki na wajibu wa waamini, taratibu za sakramenti na mipaka ya madaraka, na akapata shahada ya udaktari. Mwaka 1951 aliteuliwa kuongoza Vikarieti mpya ya Kagera ya Chini, akiwa na jina la jimbo la kale la Febiana katika Afrika ya Kaskazini, na akawekwa wakfu Februari 1952. Kilichomtokea Henrique hakikujirudia kwake, kwa sababu mwaka 1953 vikarieti hiyo ilifanywa Jimbo la Rutabo na yeye akawa askofu wake kamili, bila mfalme wa nchi nyingine kusimama kati yake na Papa.

Tarehe 28 Machi 1960 Papa Yohane XXIII alimfanya kardinali, siku moja na Peter Doi wa Japani na Rufino Santos wa Ufilipino, ambao nao walikuwa wa kwanza kutoka mataifa yao. Kardinali ni mshauri wa Papa na mmoja wa wanaomchagua mrithi wake, na cheo hicho chenyewe ni zao la Karne za Kati, kwa kuwa ni mwaka 1059 ambapo Papa Nikolasi II aliwapa makardinali nafasi ya kwanza katika uchaguzi, na mwaka 1179 ukawekwa utaratibu wa theluthi mbili ya kura. Kwa kuwa makardinali wa mwanzo walikuwa makasisi wa Roma, kardinali kwa kawaida hupewa kanisa moja la mji huo kwa heshima, na Rugambwa alipewa kanisa la Mtakatifu Fransisko lililoko Ripa. Alishiriki katika uchaguzi wa Papa Paulo VI mwaka 1963 na katika chaguzi mbili za mwaka 1978.

Uzito wa cheo hicho ulionekana zaidi katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika kati ya mwaka 1962 na 1965, ambapo Rugambwa aliongoza sekretarieti iliyowaunganisha maaskofu wa Afrika ili wasizungumze kila mmoja peke yake mbele ya maelfu ya wenzao. Mtaguso huo ulifanya maamuzi mawili yaliyogusa moja kwa moja maisha ya vitongoji vya Dar es Salaam. La kwanza lilikuwa kuruhusu ibada kuadhimishwa kwa lugha za watu, na hivyo Misa ya Kilatini ikapisha Misa ya Kiswahili. La pili lilikuwa kulieleza Kanisa kuwa ni Taifa la Mungu, ambamo mlei, yaani mwamini asiye padre wala mtawa, ana wajibu unaotokana na ubatizo wake mwenyewe na usiosubiri kukopeshwa na padre.

Jimbo Kuu katika mji unaofurika

Uteuzi wa Desemba 1968 ulimtoa Rugambwa katika eneo la vijijini lenye mizizi mirefu ya Ukatoliki na kumleta katika mji wa pwani wenye Waislamu wengi, ambao utamaduni wake ulikuwa umejengwa kwa karne nyingi na Uislamu na biashara ya bahari. Sensa ya mwaka 1967 ilikuwa imehesabu watu wapatao 356,000 katika Dar es Salaam; sensa ya 1978 ilihesabu 843,000, na ile ya 1988 zaidi ya milioni 1.36, maana yake ni kwamba katika kipindi cha uongozi wake idadi ya wakazi iliongezeka karibu mara nne. Manzese, Tandale na Mburahati kwa upande wa Kinondoni, na Mtoni, Tandika na Mbagala kwa upande wa Temeke, ndiko walikoishia wengi wa wahamiaji hao, wakijenga nyumba za vyumba vingi vya kupangisha kabla barabara, maji na viwanja vilivyopimwa havijawafikia. Mradi wa serikali wa miaka ya 1970 uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ambao ulipima viwanja vipya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni na kuboresha makazi ya Manzese, ulipunguza tatizo bila kulimaliza.

Kwa askofu, hali hiyo ilimaanisha kwamba Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa na Wajerumani kando ya bandari kati ya mwaka 1897 na 1902, lilikuwa mbali na mahali ambapo waamini wake walilala. Mkatoliki aliyetoka Kilimanjaro, Ruvuma au Kagera na kupanga chumba Tandika aliacha nyuma parokia iliyomjua yeye na ukoo wake, akaingia katika mtaa ambao jirani wa kulia alikuwa Mwislamu kutoka Rufiji na wa kushoto Mlutheri kutoka Iringa. Padre mmoja aliyekabidhiwa kitongoji cha namna hiyo hakuweza kuwajua watu hao, na askofu aliyewaona hasa siku ya Kipaimara, sakramenti ambayo kwa kawaida hutolewa na askofu mwenyewe, angewajua kidogo zaidi.

Wakati huohuo nyenzo za zamani zilikuwa zikiondoka. Ardhi ilikuwa imekwisha kutolewa katika umiliki wa kudumu wa watu binafsi na taasisi kwa sheria ya mwaka 1963, na kwa hiyo jimbo, kama taasisi nyingine yoyote, lilishika ardhi ya umma kwa muda na kwa masharti. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilizitia mkononi mwa dola njia kuu za uchumi, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizichukua shule zilizokuwa zikiendeshwa na madhehebu kwa ruzuku ya serikali, ikiwemo Pugu, ambako Julius Nyerere alikuwa amefundisha kabla ya kujiuzulu mwaka 1955 ili kuongoza harakati za uhuru. Hospitali ya Bugando mjini Mwanza, iliyojengwa na Kanisa, ilitwaliwa mwaka 1972 na haikurejeshwa chini ya uendeshaji wa maaskofu hadi 1985. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliiweka ndoa ya raia wa dini zote chini ya sheria moja ya nchi, ikaacha mabaraza ya usuluhishi, yakiwemo ya kidini, kazi ya kupatanisha kabla ya shauri la talaka kufika mahakamani. Mihimili miwili ya askofu wa Karne za Kati, yaani ardhi na mahakama, ilikuwa imebaki vivuli tu.

Mhimili wa tatu, ule wa ukaribu na mtawala, ulikuwepo kwa sura mpya, kwa kuwa Rais Nyerere mwenyewe alikuwa Mkatoliki mcha Mungu. Jambo linalostahili kutiliwa mkazo ni kwamba Rugambwa hakuutumia ukaribu huo kupigania kurudishiwa shule kwa makabiliano ya hadharani, na maaskofu wenzake kwa jumla walichagua kuyaunga mkono malengo ya usawa na kujitegemea huku wakilinda uhuru wa kufundisha dini. Uamuzi huo unaweza kuitwa udhaifu na mtu anayempima askofu kwa kipimo cha Becket. Ukipimwa kwa mazingira yake, ulikuwa wa busara, kwa kuwa shule nyingi zilizotwaliwa zilikuwa zimewahudumia zaidi watoto wa Kikristo, na vita vya kuzirudisha vingelionyesha Kanisa kuwa linatetea nafasi lililoirithi kutoka kwa ukoloni, mzigo ule ule uliomwua Spiss.

Jumuiya ndogo ndogo kama msingi mpya

Jibu la vitendo lilitoka katika ushirikiano wa kikanda. Umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, unaojulikana kwa ufupisho wa AMECEA, ulianzia katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam mwaka 1961, na katika mikutano ya Nairobi ya mwaka 1973 na 1976 maaskofu wake waliamua kwamba ujenzi wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo uwe kipaumbele cha uchungaji. Jumuiya ndogo ndogo ni kundi la familia jirani zinazokutana kila wiki katika nyumba ya mmojawapo, zikisoma Injili, zikisali, zikitembelea wagonjwa na kusaidiana katika misiba, chini ya mwenyekiti na viongozi waliochaguliwa na wanajumuiya wenyewe. Juu yake kuna kanda, kigango, parokia, dekania na hatimaye jimbo, hivi kwamba taarifa hupanda kutoka sebuleni hadi kwa askofu, na maagizo hushuka kwa njia hiyo hiyo.

Katika vitongoji vya Kinondoni na Temeke muundo huo ulifanya kazi ambayo daftari la Eudes Rigaud lilijaribu kuifanya katika karne ya 13. Mhamiaji aliyepanga chumba Mbagala alipata mahali pa kujulikana kwa jina. Mtoto wake alipotaka kubatizwa, au kijana wake alipotaka kufunga ndoa, ni jumuiya iliyomshuhudia mbele ya paroko. Na alipofariki, ni jumuiya iliyokaa matanga, ikaimba, ikachangia jeneza na kusafirisha maiti kwenda kwao. Zaka nayo, ambayo katika Karne za Kati ilidaiwa kwa sheria, ikawa toleo la hiari linaloandikwa katika kadi na kukusanywa na walei wanaofahamiana. Pamoja na jumuiya ziliota mizizi kwaya za Kiswahili, halmashauri za walei, na Umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania, yaani WAWATA, ulioanzishwa mwaka 1972.

Mabadiliko hayo hayakuwa kazi ya mtu mmoja, na kumpa Rugambwa sifa zote kungekuwa kuwanyima haki makatekista, mapadre Wakapuchini na wanawake wa mitaani walioyabeba. Mchango wake ulikuwa wa aina ya askofu mwenye kujua sheria: aliyaruhusu madaraka yashuke, akayapa nafasi rasmi katika muundo wa jimbo, na akajenga taasisi chache zenye faida kwa watu wote, kama ile hospitali ya Ukonga ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Kuhamisha uongozi kutoka kwa wamisionari Wazungu kwenda kwa mapadre wazalendo bila mpasuko, katika jimbo lililozoea msaada wa Uswisi, ni kazi iliyohitaji subira ambayo haiachi kumbukumbu nyingi katika magazeti.

Mipaka na lawama

Uchambuzi usiotaja mapungufu ungekuwa sifa tu. Pungufu la kwanza linahusu jumuiya zenyewe. Utaratibu wa kumtaka mwamini ajulikane katika jumuiya kabla ya kupewa huduma unaweza kugeuka kuwa mlango wa ukaguzi, ambapo mpangaji anayehama kila mwaka, mfanyakazi wa zamu au mtu asiye na cha kuchangia huonekana mlegevu wa imani kwa sababu tu maisha ya mji yanamnyima nafasi ya kuhudhuria. Aidha, wanawake ndio wanaozijaza jumuiya hizo wiki baada ya wiki, lakini sauti zao hupungua kadiri ngazi inavyopanda kuelekea jimbo.

Pungufu la pili linahusu dola na Waislamu. Wakosoaji Waislamu wameeleza kwa muda mrefu kwamba shule za misheni ziliwapa Wakristo nafasi ya mbele katika ajira na uongozi wa nchi, na kwamba ukaribu wa Kanisa na serikali uliendeleza hali hiyo baada ya uhuru. Mkataba wa maelewano uliosainiwa Februari 1992 kati ya serikali na makanisa, kuhusu huduma za elimu na afya, uliichochea upya lawama hiyo. Makanisa yamejibu kwamba hospitali na shule zao huhudumia watu wa dini zote, na jibu hilo lina ukweli unaoonekana katika foleni za wagonjwa. Hata hivyo haliondoi swali la haki katika ugawaji wa raslimali za umma, na uongozi wa enzi ya Rugambwa haukuliacha likiwa limejibiwa.

Pungufu la tatu ni la ukubwa. Rugambwa alistaafu tarehe 22 Julai 1992, siku 10 baada ya kutimiza miaka 80, ingawa baada ya Mtaguso maaskofu walikuwa wametakiwa kuomba kustaafu wakifikia miaka 75. Mrithi wake, Polycarp Pengo, aliyefanywa kardinali mwaka 1998, na baada yake Jude Thaddaeus Ruwa'ichi, aliyeshika uongozi mwaka 2019, walilazimika kusaidiwa na maaskofu wasaidizi, kwa kuwa mji uliendelea kukua, hadi sensa ya mwaka 2022 ikahesabu watu zaidi ya milioni 5.3 katika mkoa huo. Kuanzishwa kwa Jimbo la Bagamoyo mwaka 2025 ni ushahidi kwamba eneo lililoongozwa na mtu mmoja lilikuwa limezidi uwezo wa mtu mmoja muda mrefu kabla ya mipaka kubadilishwa.

Hitimisho

Rugambwa alifariki tarehe 8 Desemba 1997, na mwaka 2012 mabaki yake yalihamishiwa katika Kanisa Kuu la Bukoba. Utumishi wake, ukitazamwa kwa ujumla, unaonyesha kwamba mihimili iliyomfanya askofu wa Karne za Kati aogopwe haikuwa sehemu ya lazima ya cheo chake. Shule zilipotwaliwa, ardhi ilipokuwa ya umma na ndoa ilipowekwa chini ya sheria ya nchi, Jimbo Kuu la Dar es Salaam halikusambaratika. Lilipanuka, na lilipanuka zaidi katika vitongoji ambavyo askofu hakuwa na kitu cha kuwapa watu isipokuwa sakramenti, neno na utaratibu wa wao kujaliana.

Fundisho hilo linahitajika zaidi sasa kuliko wakati wa Azimio la Arusha. Tangu milango ya huduma binafsi ifunguliwe tena, majimbo yamerudi kuwa wamiliki wa shule, vyuo, hospitali na viwanja vyenye thamani kubwa, na kila mali inayoongezeka inamrudishia askofu sehemu ya mihimili ile ya kale, pamoja na majaribu yake. Mali hizo zina manufaa pale zinapomfikia mkazi wa Tandale au Mtoni kwa gharama anayoimudu. Zisipomfikia, jimbo litakuwa tajiri na askofu wake atakuwa mgeni katika mitaa yake mwenyewe, na hakuna hadhi ya kardinali wala ukubwa wa kanisa kuu utakaoziba pengo hilo. Wanaosimamia jimbo la mji huu wanapaswa kumpima askofu kwa jumuiya zinazokutana mitaani na kwa maskini wanaofahamika humo kwa majina, kwa sababu juu ya msingi huo ndipo uaskofu wa Dar es Salaam uliposimama ulipokosa kila kingine.